Mkono wa Baba Uliobaki Changamwe

Mkono mmoja wa kulia, kuanzia chini kidogo ya kiwiko hadi ncha za vidole, pamoja na uta wa fidla ulioshikwa na mkono huo: shilingi elfu nne mia tatu na hamsini. Hesabu nimeipiga mara mbili, mara ya kwanza kwa kalamu, mara ya pili kwa uchungu. Ndani yake mna nauli, chakula cha mchana, soda sita, skrubu, na kitambaa cha kufuma nilichopewa nikidhani ni zawadi, nikaja kutajiwa bei njiani. Na baada ya kulipa yote hayo, mkono bado si wangu. Nimeazimwa.

Mkono wenyewe ni wa marehemu baba yangu. Si ule wa nyama, huo tulimzika nao. Ni wa rangi.

Baba alikuwa na kazi mbili. Mchana akihesabu magunia bandarini, na siku za harusi akipiga fidla katika kikundi kidogo cha taarabu huku kwetu Likoni. Walikuwa watu watano. Zamani sana, kabla sijaanza shule, walichanga wakamwita mchoraji wa mabango, aliyekuwa akiandika majina ya maduka na kuchora kuku wa kuchoma kwenye kuta za mikahawa, awachore wote kwenye ubao mmoja wa plaiwudi, futi nane kwa nne. Akawachora wamekaa safu moja na ala zao. Wa kwanza ni mwenye akodiani, bwana mnene aliyetoka bara akaja kufanya kazi ya reli. Wa pili baba na fidla. Kisha mwenye udi, mwenye tari, na mwenye dumbaki, ile ngoma ndogo ya kupakatwa. Wote wamevaa suti ya rangi ya jani la mgomba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na suti ya namna hiyo, ila mchoraji alinunua kopo moja la rangi na hakuwa tayari kununua la pili.

Ubao ukatundikwa juu kabisa katika chumba walichokodi kwa mazoezi. Mama aliuona mara moja tu, siku ulipotundikwa, naye akiwa amesimama mlangoni na wanawake wenzake. Alirudi nyumbani akasema baba katoka vizuri, na uta umevutwa hadi mwisho, mkono umenyooka. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa habari yote ya picha ile nyumbani kwetu: uta umevutwa hadi mwisho, mkono umenyooka.

Sasa nieleze kosa langu, maana wengine wataeleza vibaya zaidi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, wanamuziki wote watano wakiwa wameshatangulia, mwenye nyumba alitaka chumba chake. Jamaa za watu watano zikakutana mbele ya ubao mmoja, na kila jamaa ikautaka. Tulibishana kutoka adhuhuri hadi alasiri. Mwenye udi ndiye aliyekuwa kiongozi, wakasema watu wake. Mwenye dumbaki ndiye aliyemlipa mchoraji, wakasema watu wake, ingawa risiti hawakuwa nayo. Mimi nauza milango na madirisha yaliyotumika, pale Kisauni, na msumeno huwa haukosekani kwangu. Nikasema: jamani, kila mtu si anamtaka wa kwake? Basi tugawane.

Nilionekana mtu wa busara sana siku ile. Futi nane ni inchi tisini na sita. Gawa kwa tano, kila jamaa inchi kumi na tisa na unywele. Nilipima mara mbili. Nikapiga mistari kwa uzi na chaki, nikapiga picha kwa simu ubao ukiwa bado mzima, asije mtu kesho akasema kaonewa, kisha nikakata. Mistari ilinyooka kama ya kiwandani. Mtu mmoja alinipongeza.

Tatizo ni kwamba mimi nimezoea milango. Mlango hauna kiwiko. Ukiupa inchi zake utakaa humo hadi siku ya mwisho. Mpiga fidla hakai hivyo. Mwili wake wote unaweza kutosha kwenye inchi kumi na tisa, lakini uta ukivutwa hadi mwisho, mkono unakwenda kwa jirani. Nilipoinua kipande chetu nikamkuta baba na fidla shingoni, bega zuri, mkono umeshuka hadi kwenye kiwiko, halafu basi. Juu ya nyuzi za fidla kilibaki kijisehemu cha uta, urefu wa kijiti cha kuchokolea meno. Mkono wenyewe ulikuwa umeshapakiwa kwenye gari la watu wa akodiani, unakwenda Changamwe.

Ningeweza kupiga kelele pale pale. Lakini mtu aliyetoka kupongezwa hapendi kupiga kelele.

Mama naye wakati huo macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho yote mawili. Dunia alikuwa akiiona kama kupitia karatasi iliyofungiwa maandazi. Tulimpa kipande chake, akakipapasa, akakibusu, akaagiza kitundikwe ukumbini upande usiokuwa wa kibla. "Nisije nikamsujudia mume," alisema. Dada yangu, anayeishi naye pale Bofu, huko huko Likoni, akasukuma kabati la vyombo hadi likagusa ukingo wa ubao. Ukitazama haraka unaona kama baba ameingiza mkono kabatini kutafuta sukari. Tukaishi hivyo miaka kumi na miwili, na mgeni akiuliza tunamwongezea chai.

Mwaka huu mama amefunguliwa jicho moja, la kulia. Siku alipotolewa bandeji alirudi nyumbani na jicho jipya, akalitumia kama mtu aliyepewa tochi. Alimtazama dada akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Akanitazama mimi, akatazama tumbo langu, akasema, "Na wewe biashara si mbaya kama unavyolia." Akatazama dari, akatazama masufuria. Kisha akaingia ukumbini.

Aliisogelea picha, akalifuata bega la baba kwa kidole hadi kabatini.

"Mkono wake uko wapi?"

"Uko kabatini, mama," dada akasema, kwa mazoea.

Mama akalishika kabati, mwanamke wa umri wake, akalisogeza peke yake. Nyuma palikuwa na ukuta mweupe na mjusi.

"Nani kamkata?"

Dada hakungoja hata nimeze mate. Alininyooshea kidole.

Nilieleza. Nilieleza inchi tisini na sita, nilieleza kugawa kwa tano, nilieleza haki. Mama alinisikiliza hadi mwisho, na hilo si jambo zuri, kwa sababu mama akikupenda hukukatiza.

"Umempima baba yako kama dirisha," akasema.

Jicho la pili lilikuwa na tarehe yake. Daktari alisema lisicheleweshwe, limeshakomaa, na nafasi pale kliniki ya macho ukiipoteza unarudi nyuma ya foleni ya miezi. Mama akasema haendi. "Hili moja limeniona ya kutosha. La pili likifunguliwa, nani ajuaye nitakuta mmekata nini tena." Dada akabembeleza. Akaja shangazi, akabembeleza. Ukaletwa hadi mkate wa mofa anaoupenda. Mama akala mkate, akasema: "Mkono wake ukirudi, nitakwenda. Usiporudi, nitakaa na jicho langu moja kama nilivyokaa na mume wa mkono mmoja."

Ndipo nikaenda Changamwe.

Mjane wa bwana wa akodiani ni mama mmoja mrefu, mtu wa kanisa, aliyewahi kuuza viazi na vitunguu kwa jumla pale Kongowea miaka thelathini. Kiswahili chake kimekaa pwani miaka arobaini na bado hakijafungua mizigo. Nilibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama juu hadi chini. "Wewe si ndiye ule wa msumeno?"

Alinikaribisha, akanipa chai, akaketi mkabala nami na mikono yake kaipakata, kama mtu anayengoja mteja ataje bei ya kwanza. Ukutani ulikuwepo ubao wao. Nilimwona mzee wa akodiani, uso mpana, tabasamu la harusi. Lakini kuanzia kifuani hadi magotini alikuwa amefunikwa na kalenda kubwa ya kanisa.

"Hiyo kalenda ni ya nini, mama?"

"Ni ya tarehe."

Nikamweleza habari ya mama yangu na jicho lake. Alisikiliza, akaguna, akainuka, akaishusha kalenda. Nami nikauona mkono wa baba kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chaki. Ulikuwa umetokea pembeni mwa ubao, hauna mwili, umeshika uta, unaelekea kifuani kwa mzee wa watu.

"Ni huo hapo," akasema. "Miaka kumi na miwili umeingia kwangu kama mkono wa mwizi kwa dirisha. Wajukuu hawalali chumba hiki. Na hakuna siku hata moja mmekuja kuuliza hali yake."

"Niuzie, mama."

"Utautoa aje?"

Nikatoa futi yangu, nikapima. Inchi kumi na nne kwa sita. Nikapima tena. "Kipande kidogo tu, nitakata polepole."

"Na hizi?" Alinionyesha nyuma ya uta. Pale ndipo zilipokuwa funguo za akodiani, nyeupe, zimepangwa vizuri. "Ukichukua huo mkono utaenda na meno yote. Unataka mzee wangu abaki kibogoyo?"

Nikataja mia tano. Alicheka, akaita jirani aje asikie, jirani naye akacheka. Nikapanda hadi elfu moja. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Kwanza turudishie kiatu."

"Kiatu gani?"

"Cha kushoto! Mzee alinunua viatu vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, mshahara wote wa mwezi, ndiyo achorwe navyo. Mimi na watoto tukala ugali na chumvi. Sasa angalia hapa." Nikaangalia chini ya ubao. Kiatu kimoja tu, cha kulia. "Kile kingine mlienda nacho. Watu wa kanisa wakija wananipa pole. Wanadhani treni ilimkata mguu."

Hapo nikaelewa jambo lililokuwa limetutatiza Bofu kwa miaka. Chini ya ubao wetu, pembeni, pana kiatu cha rangi mbili kisicho na mguu. Baba ana vyake viwili vyeusi. Sisi tulikuwa tukiwaambia wageni kwamba hicho ni cha akiba.

Nikaona nimepata pa kushika. "Basi, mama, tubadilishane. Ila kiatu ni inchi saba kwa nne, na mkono ni kumi na nne kwa sita. Mkono ni mara tatu ya kiatu, sikatai. Nitakuongezea kidogo."

"Kiatu kililipiwa," akasema. "Mkono babako alizaliwa nao. Wa bure."

Nimefanya biashara miaka ishirini na sita. Nimemuuzia mlango mtu aliyejua kwamba mlango ule ulitoka kwake mwenyewe. Lakini kwa neno lile niliikunja futi yangu, nikairudisha mfukoni.

Mwishowe yeye ndiye aliyetaja masharti, mimi nikiyaandika. Hakuna kukata tena, kamwe. Yeye atakuja Likoni na ubao wake, vipande viwili vitaunganishwa, mama amwone baba na mkono wake, naye amwone mzee na viatu viwili. Nauli zote juu yangu. Chakula juu yangu, "na isiwe maharagwe." Nikapatana naye kuhusu soda, tukaishia mbili kwa kila mtu ila mimi. Kisha akautoa ubao ukutani, akaufunga vizuri kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nikamshukuru sana kwa kitambaa. Tulipokuwa ndani ya tuktuk akaniambia ni shilingi mia tisa, kazi ya mikono.

Kwenye feri tulivuka na waenda kwa miguu, maana hao hawalipi. Upepo ukafunua kitambaa. Mchukuzi mmoja aliyesimama karibu akautazama ubao kwa makini.

"Mzee, hawa ni nani wenu?"

"Huyu ni mume wa huyu mama. Na mkono ni wa baba yangu."

Akafikiri. "Na babako mwenyewe?"

"Yuko Likoni, anatungoja."

Alihama upande wa pili wa feri.

Bofu tulikuta dada amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mama amevaa kanga mpya. Niliwalaza wanamuziki wawili kifudifudi juu ya mkeka, nikapitisha mbao mbili nyembamba mgongoni, nikakaza skrubu nane. Havikukutana sawasawa. Meno ya msumeno wangu yalikuwa yamekula unene wa shilingi, na ubao wa Changamwe ulikuwa umepinda kidogo kwa joto la mabati. Kwa hiyo mkono ulikaa chini ya kiwiko chake kwa tofauti ya kidole kimoja, kama mtu aliyechoka katikati ya wimbo. Lakini uta ulifika kwenye nyuzi. Na kiatu kilimfikia mwenyewe.

Tukausimamisha ukutani. Mama akavuta kiti. Akaliziba kwa kiganja lile jicho bovu, akatazama kwa lile zima. Mjane wa Changamwe alisimama nyuma yake, hakutazama uso wa mumewe kabisa. Alitazama miguu.

"Viwili," akasema polepole.

"Ndiye," akasema mama. "Hivyo ndivyo alivyokuwa. Uta hadi mwisho."

Kisha akamgeukia mjane.

"Lakini mume wako, dada yangu, alikuwa akikimbia sana."

"Wangu?"

"Wimbo ukianza tu, akodiani imeshafika mbele, wenzake wanaikimbilia."

"Ni wako alikuwa anachelewa! Anavuta huo uta mpaka mwisho, anangoja nini? Bibi harusi azae?"

Mama alicheka hadi kanga ikamdondoka kichwani. Wakaketi pamoja, wakala, wakaanza kuwachambua wale watatu waliobaki, mmoja mmoja, pamoja na wake zao. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, ninajiona mtu aliyelipa deni.

Ndipo mama akainuka, akasogea hadi karibu kabisa na ubao, akagusa vidole vya baba.

"Hapa pana kitu chekundu. Kidoleni. Ni nini?"

Kwa kweli nami nilikuwa nimekiona wakati wa kukaza skrubu, sikukitilia maanani. Kilikuwa kidole kidogo, na juu yake kitu chekundu cha mviringo. Nikasema la kwanza lililonijia: "Rangi imedondoka, mama. Mchoraji alikuwa hana makini."

"Mh," akasema mama. "Sioni vizuri. Jicho moja linaniletea mkono bapa, kama wa karatasi. Tarehe ya lile la pili ni lini?"

Dada nusura aangushe sahani. "Jumatano ijayo."

"Nitakwenda. Ila ubao huu usiondoke hapa. Nataka nikirudi nimwone kwa macho mawili, na mkono wake ukiwa umejaa."

Mjane akakubali kuuacha. Alinitoza tu nauli ya kuja kumtembelea mumewe kila Jumamosi hadi jicho lipone.

Nilipomsindikiza nje kunawa mikono, alinivuta nyuma ya tangi la maji.

"Ile si rangi," akasema kwa sauti ya chini.

"Ni nini?"

"Ni pete. Ya jiwe nyekundu. Na mzee wangu anayo hiyo hiyo, kidole hicho hicho, mikono yote miwili. Na maisha yake yote mzee hakuvaa pete hata moja." Alitazama nyuma. "Wewe unadhani kalenda nilitundika ya nini? Wanaume wawili, pete moja. Niliogopa. Nikasema hawa waliapa kitu kwa mganga. Miaka kumi na miwili naombea hii pete."

Nikatoa simu. Ile picha niliyoipiga siku ya kukata nimekuwa nikiihamisha kutoka simu hadi simu, maana ushahidi hautupwi. Tukaikuza. Watu watano ni mikono kumi. Mkono wa kushoto wa baba umejificha nyuma ya shingo ya fidla, ikabaki tisa. Tukahesabu pete. Tisa. Nikahesabu mara ya pili, naye akahesabu ya kwake. Tisa. Kwenye nyuzi za udi pete, kwenye tari pete, kwenye dumbaki pete mbili. Na vidole vyote tisa vidogo vimepinda kwa namna moja, na kucha zote za gumba ni fupi, pana, kama zilizokatwa kwa mkasi mmoja. Ilikuwa mikono ya mtu mmoja, imegeuzwa huku na huku.

Mchoraji alinunua kopo moja la suti. Mikono hakununua kabisa. Aliweka wa kwake gotini, akautazama, akauchora mara tisa, na pete yake hakuivua.

Mjane alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa leso. "Bwana asifiwe! Kalenda kumi na mbili nimemaliza kwa pete ya fundi wa rangi!" Akasimama, akajipangusa, akanipa mkono kwa mara ya kwanza. Kwake yeye mambo yalikwisha hapo. Alipanda tuktuk akiwa mwepesi kama msichana, na nauli nililipa mimi.

Kwangu ndiyo yalianza. Kwa sababu mama si mtu wa kuogopa waganga. Mama anaogopa harusi.

Asiyejua desturi zetu ajue kwamba katika taarabu wanawake huinuka wakamtunza mpigaji, yaani wimbo ukimgusa mtu humwendea akacheza mbele yake na kumpa pesa, na wengine wakichangamka huvua hata walichovaa. Baba alikuwa na sharti nyumbani: kila alichotunzwa kilimwagwa juu ya mkeka alfajiri ile ile, mbele ya mama, na mama alikihesabu mara mbili. Huko ndiko nilikojifunza. Zilimwagwa noti, zikamwagwa sarafu, iliwahi kumwagwa hereni moja, na mama aliirudisha kwa mwenyewe kwa miguu. Pete ya jiwe jekundu haikumwagwa kamwe. Kwa hiyo mama akiiona, hatauliza ni nini. Atauliza ni ya nani, na mwaka gani, na harusi ya mtaa upi.

Ningeweza kumwambia ukweli sasa hivi. Lakini ukweli una bei yake, na nimeupiga hesabu. Nikisema pete ni ya mchoraji, basi na kidole ni cha mchoraji, na mkono, na kila kitu kuanzia kwenye kiwiko. Na dada ananiambia kwamba tangu siku ile mama akiamka kwa sala ya alfajiri hupita ukumbini kwanza, akauwekea kiganja chake mkono ule, akaingia kutawadha. Kila siku. Nimwambie nini? Kwamba anamwamkia mtu aliyekuwa akichora kuku?

Nikinyamaza, baba anabaki na mkono wake lakini anapata mwanamke. Nikisema, hana mwanamke lakini hana mkono. Nimefikiria kuikwangua pete kwa wembe. Nilimpigia mjane simu kuomba ruhusa, maana ubao ni wake. Akasema niikwangue kwa babangu tu, za mzee wake niziache, sasa zinampendeza. Na mama akikuta mzee wa akodiani ana pete na kidoleni kwa baba pana alama ya wembe, mimi namjua: ataanza na alama ya wembe. Kuisogeza tarehe ya jicho haiwezekani, wala sitaki. Miaka kumi na miwili tumemfichia vitu nyuma ya kabati, inatosha.

Leo ni Ijumaa. Jumatano anafunguliwa jicho, Alhamisi wanatoa bandeji, na dada amesema akifika nyumbani hatakaa hata kunywa maji, atakwenda moja kwa moja ukumbini. Basi ninyi mnaosoma, wenye mama zenu, hasa mliowahi kuwa wake za wapiga fidla: nimwambie kabla hajafunguliwa, akiwa bado na jicho moja la kunikasirikia, au nimwache aone mwenyewe kisha niseme? Na nikisema, nianze na pete au nianze na mkono? Nipo Kisauni kwenye milango kila siku hadi magharibi. Ushauri wa bure napokea. Wa kulipia, njooni tutapatana, mradi mfike kabla ya Alhamisi.